Aliyepima Barabara ya Suji kwa Fimbo: Wasifu wa Marehemu Eliezeri Kajiru Mgonja

Marehemu Eliezeri Kajiru Mgonja alizaliwa hapa Suji tarehe 9 Aprili 1954, mtoto wa tatu wa Mzee Kajiru na Mama Nakijwa. Mimi ninayesoma ni Sifael, mdogo wake wa mwisho, fundi magari wa Makanya. Mnisamehe sauti na mnisamehe mikono hii, imegoma kutakata. Nimechoka, na sababu mtaisikia.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, kisha sekondari mjini Moshi, alikomaliza kidato cha nne mwaka 1973. Mwaka 1975 alipata mafunzo ya utunzaji bohari Dar es Salaam. Nyumbani tulijua mapema kwamba ndiyo kazi yake. Mama alipotafuta kisu, alimwuliza Eliezeri, naye alijibu kilipo bila kuinua macho kwenye daftari.

Mwaka 1976 aliajiriwa Makanya na kampuni ya kuchimba jasi, akatunza bohari ya spea kwa miaka thelathini na nane hadi alipostaafu mwaka 2014. Waliofanya kazi naye wanakumbuka siku alipomrudisha meneja wake mara tatu kwa sababu ya namba moja ya spea iliyoandikwa vibaya. Meneja alirudi mara ya nne, namba ikiwa sahihi. Kaka akampa spea yake na kumwambia, "Karibu tena, bosi." Wala hakuwa anamkejeli, ndivyo alivyokuwa.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Beatha, binti wa hapa Suji, mtaa wa juu ya kanisa. Mungu aliwajalia watoto wawili, Fortunata na Aminieli. Mwaka 1998 alinunua kwa mhandisi mgeni aliyekuwa anarudi kwao Toyota Celica ya mwaka 1984, gari la spoti, jekundu, milango miwili, tumbo karibu liguse lami. Mji mzima ulimcheka. Mtunza bohari na gari la spoti! Yeye alisema amelipenda kwa sababu viti vyake vilimkaa vizuri mkewe, na kila Jumapili walikwenda Same kunywa soda na kurudi.

Mwaka 2019 shemeji Beatha aliteleza shambani hapa Suji akiwa na mkungu wa ndizi, akaumia uti wa mgongo. Novemba mwaka huo alifanyiwa upasuaji Moshi. Daktari alisema atatembea, ila mtikisiko wa barabara mbaya usimpate.

Wakiwa bado hospitali, mimi nilifanya jambo ambalo sijawahi kulisema mbele za watu. Gari lilikuwa limechoka chini, springi zimelala, bushi zimekatika, shokapu zinavuja. Nikataka kumfurahisha kaka. Nikafanya tunachofanya mafundi wote wa huku kwa gari la chini: nikalinyanyua. Nikaweka spesa, vile vipande vya kuinulia springi, nikafunga springi ngumu za gari la mizigo, lipite juu ya mawe. Zile springi zake za zamani nikawapa wanunuzi wa chuma chakavu. Siku ya kumrudisha mgonjwa nikaenda nalo kituo cha basi, kifua mbele.

Kutoka kituoni hadi nyumbani kwao ni kilomita moja na nusu. Shemeji alilia njia nzima.

Kaka hakunigombeza. Alisema, "Toa ulivyoweka." Nikamwambia vya zamani havipo tena. Akaniangalia, akaingia ndani. Nilinuna, na kwa miezi minane sikukanyaga kwake, kana kwamba mimi ndiye niliyekosewa.

Mwaka 2022 mama mzazi wa shemeji alifariki, akazikwa hapa Suji. Gari lilikuwa juu ya matofali, na yanayopanda huku yote ni ya springi ngumu. Shemeji alibaki Makanya, akaisikiliza ibada kwenye simu. Kaka alitoka uani akanikuta nimesimama getini. Akasema, "Sifa, tulirudishe kama lilivyotoka kiwandani. Beatha hatakosa msiba mwingine wa kwao."

Vijana wa gereji walimshauri aweke shokapu za mashindano, mwingine akamwambia alishushe zaidi lipendeze. Kaka aliwajibu, "Mimi sishindani na mtu. Nataka lilivyokuwa." Alimpa Abdulmajid, mwuza spea wa Same, karatasi yenye namba zote, akamrudishia kila kilichokuja na namba tofauti. Abdulmajid yuko hapa, atawaambia alivyoteseka. Bushi zilikuja 2023, springi mwaka jana. Zilibaki shokapu mbili za nyuma.

Gari likiwa chini hivyo, barabara nayo ilikuwa na la kusema. Kaka alikata fimbo fupi, kipimo cha uwazi kati ya ardhi na tumbo la gari. Kila mwaka masika ikiisha alipanda kwa miguu kutoka Makanya hadi huku juu, akipima, akarudi kwa bodaboda. Jiwe lililozidi fimbo alilipaka alama nyeupe kwa kipande cha jasi, na kama linang'oka, alimwomba mwenye shamba la karibu alitoe. Wapo kati yenu mliomdhania amechanganyikiwa. Mimi pia.

Desemba mwaka jana aligundulika ana ugonjwa wa moyo, akakatazwa kutembea milimani. Juni mwaka huu akaenda tena na fimbo yake, siku tatu, akilala kwa ndugu njiani. Dada yetu Justa alipomfokea alijibu, "Dada, shikamoo, nimebakiza kona nne tu."

Jumatatu tarehe 11 Agosti shokapu zilifika kwa basi. Alizifungua, akalinganisha namba, akatikisa kichwa kukubali. Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa nne asubuhi, alifariki nyumbani kwake akiwa kwenye kiti cha uani, sanduku la shokapu miguuni.

Karatasi mliyo nayo mkononi inaishia hapo, maana ilikwenda kuchapishwa Alhamisi. Yaliyobaki nimeyaandika kwa kalamu.

Kikao cha ukoo kiliamua azikwe hapa, kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo. Kuhusu mjane, ikasemwa kwa huruma kwamba abaki Makanya, atapigiwa simu. Shemeji aliinama tu, akashika khanga yake. Nikatoka nikaenda kufungua sanduku la shokapu.

Dada Justa alinikuta jana mchana chini ya gari. "Sifa! Msiba umejaa watu, wewe unalala chini ya gari?"

"Dada, namalizia kazi ya kaka."

"Utamaliza?"

"Sijui, dada. Niletee maji."

Bolti za bushi hazikazwi gari likiwa kwenye jeki. Hukazwa likiwa limesimama kwa magurudumu yake na uzito wake, la sivyo mpira unakatika mapema. Nilihitaji uzito wa abiria wake. Shemeji akaja taratibu na fimbo yake ya kutembelea, akaketi kwenye kiti chake, nami nikajipenyeza chini. Humo ndimo nilipata ujasiri. Nikasema, "Shemeji, siku ile ya kituoni, na msiba wa mama, ni mimi. Nisamehe."

Akasema, "Kaza kwanza, shemeji."

Nikakaza.

Leo tumeondoka Makanya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mimi na yeye, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kila palipokuwa na jiwe la kukwepa palikuwa na alama nyeupe, na kila alama niliiona kwa wakati. Mwanzoni shemeji alishika mlango kwa mikono miwili. Kwenye kona ya tano akaachia mkono mmoja. Nilikuwa namwuliza, "Unaumia?" naye anasema, "Endesha." Tulipofika zile kona nne za mwisho nikamwuliza tena, hakujibu. Nikaogopa, nikageuka. Alikuwa amelala.

Amelala hadi hapo getini. Huyu hapa ameketi mbele yenu.

Marehemu ameacha mjane, Beatha, watoto wawili, Fortunata na Aminieli, wajukuu watano, dada yake, Justa, na mimi.

Kaka, shemeji amefika kwao. Weka fimbo chini sasa, upumzike.