Bahasha ya Tatu

Basi la uwanja wa ndege lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo fundi rangi aliyekaa nyuma alisikia kila neno bila hata kutega sikio. Mbele yake seremala aliyeoa juzi, akitoka kubadilisha pesa, alikuwa akimwonyesha muuguzi asiyemjua bahasha tatu za matumizi ya fungate ng'ambo.

"Hii yangu, dada. Madafu, teksi, boti ya kwenda kuona samaki. Ya pili ya mke wangu, ametangulia uwanjani. Nimepima kama mbao."

"Hongera, kaka. Ya tatu ya dharura?"

"Ya mama."

Muuguzi aliacha kutafuna karanga zake. Fundi rangi, ambaye hakuulizwa, alishika kichwa.

"Mama gani?"

"Mama mzazi. Hajawahi kuona bahari. Tiketi yake nimeshalipa."

"Kwenye fungate? We kaka! Mwenzio anajua?"

"Nitamwambia tukishapaa."

"Na mtalala vipi?"

"Chumba kikubwa, kina kochi."

"Basi lizoee hilo kochi, maana ni lako!"

Seremala hakucheka. "Alinilea peke yake, dada. Nimwache nyumbani, mimi nikale raha?"

 

Basi likasimama uwanjani. "Wale pale, mke wangu na mama," seremala akasema.

Mama alikuwa amevaa kofia pana ya ufukweni na miwani ya jua. Mlango ulipofunguka, wote watatu walimsikia bibi harusi, amemkumbatia mama mkwe, akimshukuru kwa kuja kuwaaga.