Sista Yeshiareg na Unga wa Guaya

Kwa niaba ya ukoo wa Wubneh, na kwa ruhusa ya mapadri wetu na chama chetu cha kuzikana, tunawasomea maisha ya Sista Yeshiareg Wubneh, tukiwaomba radhi mapema, maana sehemu moja aliiandika mwenyewe na kuagiza lisiondolewe hata neno.

Alizaliwa tarehe 21 Novemba 1961, siku ya Malaika Mikaeli, katika uwanda wa Fogera, mtoto wa tatu wa Bwana Wubneh Achenef na Bi Tirngo Wasie, akaanza shule mwaka 1969, akitembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi.

Mwaka 1976 mafuriko yaliozesha nafaka za teff na shayiri, ikabaki guaya, ile kunde isiyojali ukame wala maji, na kwa miezi minne nyumba yao ilikula guaya asubuhi na jioni, ya kuchemsha, ya mkate na ya mchuzi, mpaka kaka yake Adane, kijana wa miaka kumi na tisa, alipoamka kwenda kulima akakuta miguu imekakamaa kama mti, magoti yanapishana, visigino havigusi ardhi. Majirani walisema ameruka mvuke wa chungu cha guaya, jambo waliloamini hupoozesha miguu. Mwenyekiti wa chama cha wakulima, ambaye ghala lake lilikuwa na shayiri, alisimama mlangoni akifuta mafuta mdomoni, akasema, "Huyo mvivu tu. Mshibisheni guaya, atasimama." Yeshiareg alizunguka nyuma ya nyumba akatapika, na tangu siku ile aliitambua harufu ya guaya popote.

Alihitimu uuguzi mjini Gondar mwezi Julai 1982, akapangiwa kituo cha afya cha uwandani kwetu Februari 1983, akahudumu hapo miaka thelathini na minane. Ndiye aliyewaeleza kina mama kwamba ndani ya guaya mna sumu inayojifanya mjumbe wa mwili, kwamba mjumbe wa kweli hubisha hodi kwenye seli ya neva, akaitikiwa, akaenda zake, bali huyu hubisha bila kupumzika, seli ikaacha milango wazi, chumvi za mwili zikafurika ndani, ikachemka mpaka ikafa, na seli ya neva ikishakufa hairudi. Hakuwaambia waache guaya, kwani alijua njaa ni nini, bali wailoweke usiku kucha, waichemshe kwa maji mengi, maji yale wayamwage mbali, waichanganye na nafaka mara tatu yake, waweke vitunguu na tangawizi, na wasiile peke yake wiki baada ya wiki.

Tarehe 26 Januari 1986 alifunga ndoa na Mwalimu Kassahun Mersha, wakajaliwa watoto watatu, Bezawit, Natnael na Hiwot, wote wako hapa.

Sasa tunafika pale alipoagiza pasiguswe. Mwezi Aprili 2001 vijana sita kutoka kambi ya wajenzi wa barabara waliletwa kituoni wakiburuta miguu, naye akaomba aone chakula chao, akaletewa unga wa shiro, ule wa kunde wa kupikia mchuzi, uliouzwa kama wa dengu tupu, akaunusa, akaujua, na jina kwenye gunia lilikuwa la Bwana Getahun Mersha, ndugu wa mumewe. Akaenda dukani kwake siku hiyohiyo.

"Shemeji, umechanganya nini humu?"

"Kunde na kunde, shemeji. Tumbo halina macho."

"Wanao wanakula huu?"

Getahun akacheka. "Wangu wana unga wao pembeni."

Marehemu ameandika hivi: "Nimeosha vidonda vyenye funza bila kugeuza uso, lakini Getahun aliponipa mkono wa kuagana nilishindwa kuushika, ulikuwa na vumbi la ule unga." Mama mkwe alimwita, akamwambia, "Binti yangu, ya ndugu huishia nyumbani." Akamjibu, "Mama, wale vijana hawana ndugu hapa wa kuwamalizia yao." Asubuhi yake Mwalimu Kassahun alijitwika gunia lile begani, akatangulia njia ya polisi, na kwa miaka mitano nyumba ile haikualikwa kwenye sikukuu yoyote ya ukoo wa mumewe. Getahun alifungwa miezi minane, akatoka, akafungua duka jipya. Vijana wawili walipata nafuu kwa kuwa waliachishwa chakula kile mapema, wanne wanatembelea fimbo hadi leo. Tumesoma kama alivyoandika, na tunajua nani ameketi humu katika hema la msiba.

Alistaafu Juni 2021. Tarehe 6 Oktoba mwaka huohuo, akipepeta ngano, upande wa kulia wa uso wake ulilegea na mkono ukaanguka, nasi wa nyumbani, kwa hofu na kwa imani, tulimpeleka kwanza kwenye maji ya baraka, tukamfikisha hospitali saa sita zikiwa zimepita. Ulimi wake uliporudi kidogo, alitueleza kwamba sehemu ya ubongo ikikosa damu, seli zinazokufa huzimwagia jirani zao wajumbe wao wote kwa mpigo, nazo zikafa, kila dakika karibu milioni mbili. Bezawit alilia akisema, "Mama, sisi ndio tuliochelewa." Akamjibu, "Ndiyo, mmechelewa. Maji ya baraka hayakimbii popote. Kesho mwingine akilegea uso, hospitali kwanza." Hakututuliza, na hatukustahili. Alifariki tarehe 17 Mei 2022, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miezi saba, wafanyakazi wenzake wa kituo cha afya, majirani waliobeba maji na kuni, na kila aliyefika. Alituomba tusiwaache muondoke kabla ya kulisema tena lile la hospitali, nasi tumelisema, kwa aibu yetu wenyewe.

Umechoka vya kutosha, Sista Yeshiareg. Pumzika.