Jumatano za Bi Mongia

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Mongia Hamrouni, mtunza maktaba wa Shule ya Sekondari ya Mtaa wa Komamanga hapa Gabès, Tunisia, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi. Kamati ya hafla imeniomba mimi Lotfi, mwalimu wa Kiarabu, niandike wasifu wake. Nilimwomba ruhusa kwanza. Alinijibu kwamba nikiandika ya kuchekesha tu, hatakuja.

Basi nianze na ya kuchekesha, kwa sababu nayo ni kweli. Alipoajiriwa mwaka 1993, maktaba ilikuwa kabati moja la chuma, na ufunguo alikuwa nao mkuu wa shule wa wakati ule, ambaye kila siku aliusahau nyumbani. Wiki ya pili Bi Mongia akamleta fundi, kufuli likang'olewa. Alipewa onyo la maandishi. Alilibandika ndani ya mlango wa kabati, na hadi leo lipo. Wanafunzi wanamjua kwa kuwanusa vidole: aliyekula mkate wa kukaanga wenye harisa, ile pilipili yetu ya kusaga, hagusi kitabu mpaka apite bombani.

Akili mnemba ilipoingia kwenye simu za watoto, walimu tulichanganyikiwa. Insha thelathini zilikuja na sentensi ile ile ya kufungulia. Katika kikao, mwenzetu Ridha wa hisabati alitaka simu zote zikusanywe getini.

"Na wakifika nyumbani, Ridha, nani atakukusanyia?" Bi Mongia akamwuliza. "Mtoto akijifunza kuogelea kwa kujificha, siku atakayozama hatutasikia."

Ndivyo zilivyoanza Jumatano za maktaba. Kila Jumatano mchana mwanafunzi alileta jibu alilopewa na mashine, kisha wote wakalisaka vitabuni kuona ni wapi imesema kweli na wapi imebuni. Siku moja waliiuliza Mongia Hamrouni ni nani. Ikajibu kwa heshima zote kwamba alikuwa mshairi, na alifariki mwaka 1987.

"Mungu anirehemu," alisema Bi Mongia. "Haya, marehemu anaomba mkae chini."

Aliyekuwa hodari kuliko wote katika msako ule alikuwa Chiraz Maatoug, binti wa miaka kumi na mitano. Aliweza kunusa tarehe ya uongo kabla hata hajafungua kitabu. Baba yake alikuwa amekufa, na mama yake, Mbarka, alikuwa akifunga tende kiwandani tangu alfajiri. Jambo ambalo wenzake hawakulijua ni kwamba Chiraz alikuwa na kisukari na alijidunga sindano kila siku. Alilificha kama aibu.

Ramadhani ya mwaka juzi alitaka kufunga kama wenzake. Alhamisi moja, kipindi cha mapumziko, alifika mlangoni pa maktaba. Bi Mongia alikuwa juu ya ngazi akipachika mabango. Jumatatu wakaguzi wa elimu walikuwa waje kuona maonyesho yetu ya namna tunavyowafundisha watoto kutumia akili mnemba kwa busara.

"Mama, ile mashine kwenye mambo ya dawa nayo inadanganya?"

"Swali zuri hilo, binti yangu. Liweke, tutalisaka wote Jumatano."

"Sawa, mama."

Wakaguzi walikuja, wakasifu, wakapigwa picha. Jumanne, kipindi cha jiografia, Chiraz alianguka darasani. Jumatano alikuwa hospitalini, hajitambui. Ijumaa tulimzika.

Daktari alieleza kwamba alikuwa amepunguza sindano zake ili aweze kufunga, na mwili haukustahimili. Nani alimwambia apunguze, hakuna aliyejua.

Siku ya arobaini ilipopita, Mbarka alikuja shuleni na simu ya binti yake ndani ya kitambaa. Mama huyu hajui kusoma. Alikuwa ameambiwa na mpwa wake kwamba humo mna mazungumzo marefu, lakini mpwa alianza kusoma akalia, akashindwa. Mbarka akamtaka mtu ambaye mwanawe alikuwa akimtaja kila siku. Nilikuwapo, nikirudisha vitabu. Nilitaka kutoka, Bi Mongia akaniomba nibaki.

Alivaa miwani, akasoma. Chiraz aliiuliza mashine kama mwenye kisukari anaweza kufunga. Mashine ikamwambia ni hatari, amwone daktari. Akabadilisha swali. Akasema ni la kazi ya shule. Akauliza tena, mara ya tatu, ya nne, mpaka ikampa vipimo vya kupunguza sindano, kwa lugha tamu na uhakika kamili. Mwisho wa jibu iliandika kwamba ni vyema kwanza amwulize mtu mzima anayemwamini.

Hapo Bi Mongia aliacha kusoma. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na nilikuwa nimekwisha kuuona mstari uliofuata, jibu la Chiraz. Mbarka asingejua. Kidole kimoja tu kingetosha kuupitisha.

Bi Mongia akausoma: "Nimemwuliza. Amesema Jumatano."

Mbarka alimtazama. "Soma tena."

Akasoma tena.

"Huyo aliyesema Jumatano ni nani?"

"Ni mimi, dada. Alisimama pale mlangoni. Nilikuwa nabandika mabango."

Mbarka hakupiga kelele. Aliifunga simu ndani ya kitambaa polepole, kama anayemvisha mtoto. Akasema, "Ungeweza kuuruka." Kisha akaenda zake, na hakukanyaga tena shuleni.

Jioni ile Bi Mongia aliniambia maneno ambayo ameniruhusu kuyaandika: "Nilimfundisha kuukamata uongo juu ya wafalme waliokufa. Juu ya mwili wake mwenyewe sikumfundisha." Aliandika barua ya kuacha kazi. Mkuu wa shule aliikataa, akamwambia akiondoka yeye, watoto watabaki na mashine na mabango.

Alibaki. Mabango aliyatoa. Jumatano alizifuta, mlango wa maktaba ukawa wazi kila mapumziko, na akatuwekea walimu sote sharti moja: swali la mwili, la hofu, la mapenzi au la picha halisubiri, hata kama waziri amekaa ofisini. Kwa watoto alisema waziwazi yaliyotokea, bila kumtaja Chiraz na bila kujificha yeye. Aliwafundisha kwamba mashine haiwaoni wakipauka, haisikii sauti ikitetemeka, na ukibadilisha swali mara nne itachoka kukukatalia kabla ya wewe kuchoka kuuliza. Wengi walikuja. Msichana mmoja alikuja na picha chafu iliyotengenezwa kwa uso wake. Bi Mongia akafunga safari siku hiyo hiyo hadi kwa wazazi wa aliyeitengeneza, na binti yule mwezi huu amefanya mitihani yake pamoja na wenzake. Lakini tangu mwaka juzi sijamsikia Bi Mongia akicheka kicheko chake cha zamani, kile kilichokuwa kikivuka uwanja mpaka chumba cha walimu. Uzito huu hauna nishani, na sisi wenzake hatukujua namna ya kumsaidia kuubeba.

Bi Mongia, kuna jambo nimelificha hadi sasa ulisome hapa. Wiki iliyopita nilikwenda kiwandani kumwalika Mbarka kwenye hafla yako. Nilikwenda nikiogopa. Alifuta mikono, akasema: "Niwekeeni kiti karibu naye. Nimechoka kuwa na jambo hili peke yangu. Nadhani na yeye amechoka."

Kiti tumekiweka, upande wako wa kulia.

Asante kwa miaka thelathini na mitatu, na kwa mstari ule ambao hukuuruka. Nenda kapumzike nyumbani kwako, na Mungu aujalie moyo wako utulivu ambao sisi tumeshindwa kukupa.