Shangazi wa Shimoni Anatoka Shimoni

Kwa heshima na taadhima, uongozi unawatangazia kwamba kigoda cha shimoni, chenye miguu miwili na tofali, kitakuwa wazi kuanzia Ijumaa, tarehe 30 Juni. Aliyekikalia kwa miaka thelathini na mitatu anastaafu. Tangazo la kigoda lilibandikwa Jumatatu. La mtu nimeambiwa niliandike mimi.

Kwa wageni: mbele ya jukwaa letu kuna tundu, na ndani ya tundu hukaa mnong'onezaji. Mchezaji akisahau maneno, yeye humrushia kutoka chini, kwa sauti inayomfika mchezaji bila kumfika mtazamaji. Huyu wetu tunamwita Shangazi wa Shimoni.

Ukumbi huu ni wa familia moja, na nafasi kubwa za kila mchezo huzichukua wao. Kusahau nako ni kwao, maji hufuata mkondo. Babu mwanzilishi alikuwa akisahau mwanzo. Binti yake husahau mwisho. Kuna onyesho alilazimika kufa mara tatu, maneno ya kukatia roho hayamjii. Mjukuu, ambaye ndiye mkurugenzi wa sasa, husahau katikati, kisha humkazia macho mwenzake kana kwamba mwenzake ndiye aliyesahau. Wote watatu kawavusha Shangazi. Mwaka wa mafuriko alinong'ona mchezo mzima maji yakiwa magotini, na gazeti likamsifu babu kwa kumbukumbu yake.

Nafasi ya kucheza aliiomba mara moja tu: jirani mwenye sentensi nne. Binti wa babu akamwambia, "Shangazi nawe! Ukipanda huku juu, sisi atatushika mkono nani?" Wakacheka. Naye akacheka, akateremka. Sentensi zile nne alizinong'ona maonyesho yote, maana wifi wa mkurugenzi aliyepewa hakuzishika hata moja.

Mwezi uliopita kimetoka kitabu cha historia ya ukumbi, kurasa themanini na nne. Tarehe zote zilizomo alizikumbuka yeye; walimpigia simu wiki mbili mfululizo. Paka wa babu yumo, tena na picha. Shangazi hayumo. Nilipomuuliza mkurugenzi, alisema, "Ah, tulipitiwa tu, ndugu yangu." Namwamini, na hilo ndilo linalonichemsha damu. Wakikwama jukwaani, ni shangazi yao. Ukihesabiwa ukoo, ni mfanyakazi.

Shangazi, asante kwa kila sentensi waliyopigiwa makofi wengine. Kaunyooshe mgongo. Kazungumze kwa sauti, hata kugomba ugombe, umelimbikiza vya kutosha. Tunakuombea miaka mingi ya kukaa juu ya ardhi, kwenye kiti chenye miguu yote.

Sherehe ni Ijumaa saa kumi jioni. Mkurugenzi atatoa hotuba ya kumuaga bila karatasi. Mstaafu ameombwa awe shimoni saa tisa na nusu.