Rimu ya Nne

Sogeeni, wanangu, na aliyeingia mwisho aufunge huo mlango, kwa sababu nesi wa zamu hii ana masikio marefu kuliko sindano zake, na ninayotaka kusema si ya kusambazwa wodini. Daktari amewaambia nyinyi kwamba nitapata nafuu. Mimi ameniambia nipumzike. Nimefanya kazi maabara miaka thelathini na moja, nimeinamia hadubini mpaka shingo ikapinda, na najua mgonjwa anapoambiwa apumzike, majibu yake yameshasomwa. Basi msilie kabla sijamaliza. Mkilia nitasahau nilipofikia, na pumzi iliyobaki haitoshi kuanza upya.

Nyumba ni yenu watatu, wala haiuzwi mpaka kitinda mimba wangu amalize chuo. Hati iko kwa wakili, haiko kabatini, kwa hiyo mtakayemkuta akipekua kabati anatafuta kitu kingine, na mumuulize ni kitu gani. Wifi yangu akija kulia kwa sauti, mpeni kiti, mpeni maji, mshukuruni, lakini chumba changu kiwe kimefungwa. Aliazima cherehani yangu kwa siku mbili, na sasa ni mwaka wa ishirini na mbili. Nimeshamsamehe, mniamini, ila kusamehe mtu si kumkabidhi funguo.

Sasa gari. Gari nampa mfungua mimba wangu, kwa sababu ndiye anayebeba majora ya vitambaa mgongoni kama hana wazazi, na ndiye mwenye watoto wa kupeleka shule. Lakini nisikilize, binti yangu: usiliendeshe. Usiliendeshe hata mpaka hapo dukani kabla rimu hazijabadilishwa, maana ile ya mbele kulia imeingia ufa, kila baada ya siku mbili tairi limelala, na siku moja litalala ukiwa kwenye mwendo, na wajukuu zangu wamo ndani. Ufa huo haukuja na gari. Umeletwa na duka la matairi, na habari yake mnaijua nusu, kwa sababu mimi niliwasimulia nusu.

Miezi saba iliyopita nilimpelekea gari mwenye duka hilo, yule tunayemwita Bosi Tabasamu, anibadilishie matairi yote manne. Wakanikalisha chumba cha kusubiri, kwenye sofa, mbele ya televisheni isiyo na sauti, na kile kioo cha kutazamia karakana wamekibandika matangazo kuanzia juu hadi chini. Nikajiuliza, mtu mwenye kazi safi anaziba kioo kwa nini? Nilijiuliza, wanangu, kisha nikabaki nimekaa, kwa kuwa sofa lilikuwa laini na magoti yalikuwa yananiuma. Fundi akaniletea kadi ya kazi humo humo ndani, na mimi, niliyewahi kumrudisha daktari mkuu mlangoni kwa chupa moja isiyo na lebo, nikasaini kwamba nimelikagua gari na nimeridhika. Gari lenyewe sikuwa nimelitia machoni.

Nilipofika nyumbani nikaliosha, na kidole kikazama kwenye jeraha ukingoni mwa rimu. Nikatafuta, nikapata la pili, la tatu, la nne. Nikachukua uzi nikapima: rimu moja majeraha manne, na kutoka jeraha hadi jeraha umbali ni uleule. Jiwe la barabarani halina rula. Nikaandika barua ya kudai rimu zote nne, na Jumatatu nikarudi nayo, nikapita moja kwa moja karakana bila kukaribishwa, nikaitazama mashine inayoibana rimu wakati tairi linatolewa. Ina meno manne ya chuma, na kila jino linatakiwa livae kofia ya plastiki. Kofia hazikuwepo. Meno yako wazi kama ya mbwa anayekungoja upite.

"Mama, mikwaruzo hiyo ulikuja nayo," akaniambia Bosi Tabasamu.

"Nilikuja nayo kwenye pochi?"

"Kadi umesaini, mama yangu."

"Nimesaini. Na kofia za mashine yako ziko wapi, zimeomba likizo?"

Fundi aligeukia ukuta akacheka. Bosi hakukasirika, tabasamu lilibaki palepale, na hapo ndipo nilipoanza kumwogopa. Akalizunguka gari taratibu, akasoma barua yangu, akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma kushoto, akapitisha kiganja ukingoni.

"Hizi rimu tatu tungeweza kuzungumza," akasema. "Lakini hii ya nne, mama, imekula ukingo wa barabara, na wewe umeandika nne. Mtu akinidanganya moja, zile tatu nitaziaminije?"

Niliwaambia kwamba ni tapeli anayetafuta pa kutorokea, nanyi mkaniamini. Nikaandika barua ya pili, na ya tatu, mpaka ofisi ya malalamiko ya wateja ikatupangia kikao. Ni Alhamisi hii, saa nne asubuhi. Mimi sitakuwepo.

Na Bosi alijua sitakuwepo, kwa sababu alikuja hapa wiki iliyopita na mfuko wa zabibu na karatasi ya kusaini. Zabibu nikampa mgonjwa wa kitanda cha pili. Bado yu hai, kwa hiyo pengine hapo nilimdhulumu mtu wa watu. Karatasi nikaisoma. Imeandikwa kwamba nimeridhika na sina dai lolote, mimi wala warithi wangu. Warithi! Mtu amekuja kukutakia nafuu na neno hilo limekunjwa mfukoni. Na wewe, mwanangu wa kati, uliyekuwa umesimama hapo miguuni kwangu, ukaniinamia ukasema, "Saini tu, mama, tuyamalize."

Usitazame dari. Nazungumza na wewe.

Nilikushuku, kwa sababu mwezi uleule nilikuwa nimeona matairi mapya kwenye gari lako la mikate. Nikajisemea kikulacho ki nguoni mwako, Bosi amemnunua mtoto wangu kwa mipira minne. Nikamtuma mdogo wako akapekue gari lako. Asikatae, ni mimi niliyemtuma. Akarudi amenuna: "Mama, kayanunua duka jingine, tena analipa kidogo kidogo. Umenitia aibu, nimepekua gari la kaka yangu kama mwizi." Ndipo jana nilipokuuliza uso kwa uso, kama si hongo, kwa nini basi unataka nisaini? Ukasema, "Mama, siku ile ya kliniki nilikuwa kiti cha nyuma."

Haya, sikilizeni nusu ya pili. Siku nne kabla sijafika kwa Bosi Tabasamu, nilikata kona ya geti la kliniki vibaya, gurudumu la nyuma kushoto likapanda ukingo, likasaga, na huyu kaka yenu akauliza, "Nini hicho?" Nikamjibu, "Kokoto." Nilijua si kokoto. Nilipoona zile tatu zimeumwa na meno, na ya nne haikuguswa, pengine ilibanwa kofia zikiwa bado zipo, nikajiambia, wameharibu tatu, basi watatoa nne, nani atafuatilia? Miezi saba nimemwita Bosi mwongo, naye ni mwongo kweli, lakini mlango wa kupitishia uongo wake nilimfungulia mimi. Nyani haoni kundule. Na huyu miezi saba ameumeza ukweli ili mama yake asiumbuliwe mbele za watu, nami malipo yake nikampelekea mpelelezi.

Sasa maagizo, maana... nipeni maji. Inatosha.

Binti yangu mkubwa, utabeba picha, uzi na kadi ya kazi. Mdogo wako atabeba barua ya kurekebisha dai kutoka nne hadi tatu, nimeisaini jana, na kwa kuwa mkono ulitetemeka na Bosi atasema si wangu, nesi mkuu ameweka jina lake kama shahidi. Msikubali pesa, pesa mtagombana. Mkubali rimu tatu nzima, na zikifungwa msimame karakana, si kwenye sofa.

Na atakayesema ni wewe wa kati. Si dada yako, wewe, kwa sababu ndiye uliyeona. Utasema, mama yetu alidai nne, haki yake ni tatu, ya nne aliiharibu mwenyewe getini. Halafu unyamaze. Usinipambe. Usiseme alikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na hila. Hiyo ikishatoka mezani, Bosi hana tena pa kushika, ndipo dada yako aweke uzi juu ya hizo tatu.

Unatikisa kichwa. Unataka kuniambia marehemu hasemwi vibaya? Mimi bado sijawa marehemu, na nimekuagiza. Ukinificha tena, dada yako ataliendesha gari lenye ufa kwa sababu ya heshima yangu. Heshima gani hiyo, mwanangu? Haibebi mtoto shule...

Niinueni kidogo. Hapo.

Mungu awape... macho ya kuona makosa ya wenzenu, na shingo ya kugeukia yenu. Awape kazi ambayo hamtaibandikia matangazo kwenye kioo. Mkubwa, akupunguzie mzigo. Mdogo, chuo... umalize. Wa kati, nilikudhania vibaya. Nisamehe... na usinisamehe kwa kunionea huruma, nitajua.

Haya. Semeni amina. Mmoja mmoja... nisikie ni nani hajasema.

Nimesikia mbili.

Mwanangu wa kati... nangoja.