Kadi Kubwa na Waya wa Skrini

Muuguzi aliyetoka zamu alifumba macho ndani ya basi, lakini masikio yake yalikuwa bado kazini. Kwenye kiti cha mbele yake, kinyozi mmoja alikuwa akimlilia mama asiyemjua.

"Kompyuta nimeiunda mwenyewe, mama. Nimeitia kadi kubwa ya picha, na gemu bado linakwama vilevile! Nafuata prosesa nyingine, maana hii haiendani na kadi."

"Prosesa gani hiyo?" Kinyozi akamtajia. "Mbona zinaendana kabisa! Waya wa skrini umeuchomeka wapi?"

"Palepale pa siku zote, kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta."

Mama akapiga paja. "Basi picha hazipitii kwenye kadi yako, inauchapa usingizi tu, mwanangu! Waya uhamishie kwenye kadi yenyewe. Hata mimi nilihangaika hivyohivyo, nusura niache kukimbiza magari yangu ya kwenye gemu."

Muuguzi akafumbua jicho moja. Mkimbiza magari alikuwa amepakata kikapu cha vitunguu.

"Haiwezi kuwa rahisi hivyo," kinyozi akabisha, meno yote nje.

Basi likasimama kwenye maduka ya kompyuta. Kinyozi akashuka, akayapa maduka kisogo, akavuka barabara mbio kwenda kungoja basi la kurudi nyumbani.