Pengo Langu Msilizibe

Kabla sijasema neno la shukrani, hebu tazameni mdomoni mwangu. Mmeona? Waya juu, waya chini. Sasa mnaweza kunisikiliza bila kuchungulia.

Mimi shule nilifika mlangoni tu, kwa hivyo nitaeleza vile nilivyoona. Ndugu zangu, wengine wenu mlihamia hapa Kitengela juzi, hamjui kwamba sisi Wamaasai wa zamani tuling'olewa meno mawili ya chini, hapa mbele, tukiwa watoto. Sio urembo peke yake. Baba yangu alishikwa na pepopunda, taya zikajifunga kama kufuli. Mama akampitishia maziwa hapa kwa pengo, kidogo kidogo, mpaka akapona. Kibuyu nilikishika mimi.

Lakini meno hayakai mahali. Yale ya kando yalianza kulalia pengo, kama mbuzi wakiegemeana kwa baridi, mpaka moja likapanda lingine. Nikawa najiuma ulimi kila nikitafuna. Nikaacha nyama. Halafu nikaacha hadithi, na mnanijua, mimi nikinyamaza ni ugonjwa. Wajukuu wakija nawaangalia tu.

Mke wa mwanangu, ambaye huniita Yeyo, yaani mama, akasema, "Yeyo, twende kwa daktari wa meno. Siku hizi wanayanyoosha."

"Meno ya mzee yanyooshwe na nini, jembe?"

"Twende tu ujionee."

Siwadanganyi, nilienda kwa sababu nilitaka kuona. Daktari, msichana wa watu kutoka magharibi mwa Kenya, alinitibu ufizi kwanza. Kisha akaniambia mfupa wa mzee bado unakubali jino lisonge, ila polepole. Na mimi nilidhani mfupa ni jiwe, kumbe ni udongo. Akanibandika vyuma.

Nyumbani mjukuu akanichungulia mdomoni. Kwetu nyanya huitwa Koko. "Koko, hata wewe umepigwa fensi?" Mnajua vile ploti za huku zinazungushiwa waya kila siku. Nilicheka mpaka shavu likauma.

Asubuhi nachukua kioo, najaribu kupitisha njiti ya kiberiti hapa katikati. Mwanzo ilikataa. Miezi ikaenda, njiti ikapita. Nikampelekea daktari habari kama mtu ambaye ng'ombe wake amezaa. Akafurahi. Akasema, "Nafasi ikitosha, tutakuwekea meno mawili ya bandia hapo."

Nikachukua shuka langu, nikatoka. Sikurudi.

Nyumbani nikasema niko na kazi ya ng'ombe. Ng'ombe gani, na mnajua nimebaki na mbuzi? Waya mmoja ukachomoka, ukanidunga shavu, likafura. Hata uji ukawa adui.

Mke wa mwanangu akakaa chini karibu na mimi. "Yeyo, unaogopa nini?"

Nikamwambia. Kibuyu, baba, yote.

"Na daktari umemwambia?"

"Atajua aje hayo, na yeye si Mmaasai?"

"Atajua aje kama hujamwambia?"

Ndugu zangu, nawaambia, hilo neno lilinidunga kuliko waya.

Tukarudi. Daktari akakata ule waya, akaniosha kidonda, hakunigombeza. Nikamweleza. Akaweka vyombo chini. "Koko, nyanya yangu kwetu pia hakuwa na meno ya chini. Kila siku nilitaka kumuuliza kwa nini. Akafa sijauliza." Akavuta kiti. Sasa maswali yakawa yake. Nani aling'oa? Kwa kisu gani? Ulilia? Wagonjwa huko nje walingoja sana, wanisamehe.

Mwishowe akasema, "Basi tutayasimamisha haya ya kando tu. Lango tunaliacha."

Tangu siku hiyo sijakosa kwenda. Waya zikitoka atanipa kidude cha kuvaa nikilala, kwa sababu anasema jino hukumbuka kwao. Kama ng'ombe aliyeuzwa, nikamwambia. Nyama nakula ikichemshwa sana. Hadithi, nyinyi wenyewe mnasikia.

Namshukuru yule daktari. Nawashukuru nyinyi mlioniombea, na nyinyi mliocheka pia, maana nilicheka nanyi. Funzo langu ni dogo: ukienda kutengenezwa, sema mapema kile hutaki kiguswe. Mtu hawezi kuheshimu lango ambalo hujamwonyesha.

Sasa mke wa mwanangu, wacha kujificha huko nyuma. Kuja hapa mbele nikutemee mate ya baraka vile mama yangu alikuwa anatema. Njia iko wazi. Nyinyi wa viti vya mbele wenye nguo nzuri, sogeeni kidogo.